Kungoja Mvua ya Kwenda Kalambo

Mimi ni mwalimu wa jiografia, na kwa miaka kumi na moja nilichora maporomoko ya maji ubaoni bila kuwahi kuyaona. Nachora vizuri, nisijidharau. Natumia chaki ya rangi kwa mwamba mgumu wa juu, nyeupe kwa maji, na chini ya yote nazungushia lile shimo ambalo maji hulichimba kwa kuangukia pale pale kila siku. Wanafunzi wangu hapa Mhunze huiga mchoro kwenye madaftari yao kwa utii, nao hawajaona maporomoko pia. Maji wanayoyajua ni ya bomba linalotoka siku linapojisikia, ya lambo la ng'ombe, na ya mto ambao kwa zaidi ya nusu ya mwaka ni njia ya mchanga.

Aliyenitia hamu ya maporomoko hakuwa mwalimu wala chuo. Alikuwa baba yangu, mchimbaji wa dhahabu, mtu aliyemaliza nguvu zake za ujana akipandisha maji kutoka ardhini.

Alichimba Runzewe na kwingine katika ukanda ule wa Geita. Shimo la mgodi wanaliita duara, na duara lao lilikuwa na kina cha mita hamsini na kitu, la kushuka kwa kamba huku mguu ukitafuta matimba, yaani magogo yanayozuia kuta zisiporomoke. Dhahabu yenyewe imo kwenye mwamba, lakini mwamba hauguswi mpaka maji yatoke, maana duara likiachwa siku moja linajaa. Pampu ikiwa nzima wanaiachia pampu kazi. Pampu ikigoma ni ndoo na kamba, mmoja anajaza chini, wengine wanavuta juu, kutwa nzima.

Chini alikuwa akijaza baba pamoja na mwenzake mmoja, Mfipa kutoka Rukwa. Siku moja ya pampu kugoma, Mfipa yule alianza kucheka peke yake. Baba akamuuliza kinachomchekesha.

"Kwetu maji yanashuka bure," Mfipa akasema. "Hapa tunavunjika migongo kuyapandisha."

"Yanashuka kutoka wapi?"

"Kutoka ukingo wa nchi. Mto unatembea vizuri kabisa, mtu na akili zake, halafu nchi inaisha. Chukua duara letu hili. Simamisha jingine juu yake, na jingine, na jingine. Manne. Maji yanaanguka kimo chote hicho bila kugusa kitu."

Baba hakuamini. Watu wa machimboni hutia chumvi, na mtu aliye mbali na kwao hutia zaidi. Lakini maneno yale yalimkaa. Kila alipokutana na mtu wa Rukwa alimuuliza, na kila mtu wa Rukwa alimjibu yale yale: Kalambo, mto mpakani na Zambia, maji yanadondoka mpaka yanageuka moshi. Mimi nilipoanza sekondari na kurudi na kitabu changu cha kwanza cha jiografia, aliniketisha chini akaniambia nitafute Kalambo. Nikaipata. Nikamsomea kwamba ni zaidi ya mita mia mbili, kwa mruko mmoja, na kwamba ni miongoni mwa maporomoko marefu zaidi Afrika. Baba alipiga mapaja yake kwa furaha.

"Gete, Mfipa hakuniongopea!" alisema. Gete ni kweli kabisa, kwa Kisukuma. Mfipa mwenyewe alikuwa amekwisha rudi kwao na hatukujua tena habari zake.

Tangu siku hiyo Kalambo ikawa safari yetu, yangu na ya baba. Mama alitutoka nikiwa bado mdogo, na sisi wawili hatukuwa na mambo mengi ya kuzungumza zaidi ya mawe na shule. Kalambo ilitupa la tatu. Nikifaulu mtihani aliniambia, "Mayu, tutaenda." Aliniita mayu, yaani mama, kama baba wengi wa kwetu wanavyowaita binti zao. Nikifeli hesabu, na nilifeli sana, aliniambia vile vile.

Sasa niseme kosa, maana bila kulisema yote haya ni hadithi ya watu waliochelewa basi.

Kwetu mto haupo, mto huja. Mvua kubwa hunyesha mahali fulani, hata kama kwenu kuna jua, na ghafla mtu aliyekwenda kuchunga anarudi akipiga yowe kwamba mto umekuja. Tunatoka wote kwenda kuutazama. Maji ya kwanza huja taratibu, ya rangi ya chai ya maziwa, yamebeba povu na matawi na kandambili moja ya mtu, yakilamba mchanga mkavu mbele yao. Wazee huuamkia kwa mzaha, wanaume huanza kubishana kama mwaka huu umezidi mwaka jana, na watu wa ng'ambo hupunga mikono kwa sababu hatutaonana nao kwa muda. Kisha miezi inapita, maji yanakwisha, na tunavuka tena tukiwa tumevaa viatu. Kiangazi kinapoiva, wanawake wanachimba vishimo kwenye mchanga huo huo na kuteka kwa kata maji yaliyojificha chini. Hivyo ndivyo tunavyoujua mto. Mto wa mwezi wa nane ni mchanga, na mtu akikuambia vinginevyo utamhurumia.

Kwa hiyo mwaka nilioajiriwa, likizo ya Juni ilipofika na baba akaniuliza kama sasa tunaweza kwenda Kalambo, nilimjibu bila kufikiri.

"Baba, Juni? Tukaone nini? Mto utakuwa umekauka. Maporomoko huonwa wakati wa mvua."

Nilisema kwa ile sauti yangu ya darasani. Namjua mwanamke yule wa miaka ishirini na kitu, aliyejaa vyeti vyake, na ningekuwa na uwezo ningemzaba kibao. Baba alifikiri kidogo, akatikisa kichwa kukubali. Naye alikuwa mtu wa hapa hapa, alikuwa amevuka mchanga ule ule tangu utotoni. "Kweli," akasema. "Wewe ndiye umesoma."

Tukaanza kungoja mvua. Mtu asiyefundisha hataelewa jinsi kungoja huko kulivyotunasa. Mvua za kujaza mto ni Februari, Machi, Aprili, na miezi hiyo mwalimu yuko darasani. Likizo ya Desemba mvua ndiyo kwanza zimeanza, na hapa kwetu Desemba mtu haendi popote, ni kulima. Juni ndiyo likizo ndefu, na Juni ni kiangazi. Kila mwaka nilizungusha kalenda, na kila mwaka nilimwambia baba mwaka kesho nitaomba ruhusa mwezi wa tatu. Mwaka mmoja niliomba kweli, nikapewa, halafu tukaambiwa kwamba vipande vya barabara kule vimekatika kwa mvua. Tukacheka. Tuliona kwamba hiyo ndiyo dalili ya maji mengi.

Picha nilikuwa nazo kwenye simu, usifikiri sikuwa nazo. Wanafunzi wenyewe walinitumia. Katika picha zote maji yalikuwa yakianguka, nami kila nilipoziona nilijiambia, hii imepigwa masika. Hata siku moja sikuuliza. Jambo unalodhani unalijua, unaliuliza kwa nani? Na yule Mfipa wa duarani, kwa miaka yote aliyokaa na baba, hakuwahi kusema kama mto wao hukauka au haukauki. Nani hutembea akiwatangazia watu kwamba mto wa kwao upo?

Wakati sisi tunangoja, kifua cha baba hakikungoja. Nguvu za kushuka duarani zilipomwisha alihamia kwenye karasha, mashine inayosaga mawe yawe unga ili dhahabu itoke. Alikaa kwenye vumbi lile miaka mingi, kitambaa kikiwa kimefungwa mdomoni siku anapokumbuka. Alikuwa akirudi nyumbani kope zake nyeupe, ananicheka nikimwambia amezeeka ghafla. Kikohozi kilianza kama kikohozi cha mtu yeyote. Baadaye akawa anapumzika njiani kutoka sokoni mara moja, kisha mara mbili, kisha akaacha kwenda sokoni. Daktari alitupigia picha ya kifua, akatuonyesha makovu, akasema hayatoki, tunachoweza ni kuishi nayo vizuri.

Juni ya mwaka jana baba aliniambia tena. Alikuwa amekaa nje kwenye kiti chake cha kamba, na mimi nilikuwa nikisahihisha madaftari.

"Mayu, hii habari ya mvua tuiache. Twende hivyo hivyo. Kama maji hayapo, nitaangalia mwamba."

"Baba, nani anasafiri siku tatu kwenda kuangalia mwamba?"

"Mimi."

Nilicheka. Nilimwambia asubiri, Machi tutaenda na tutaona maji na mwamba vyote pamoja. Sikuona kwamba mtu yule alikuwa amekwisha hesabu pumzi zake na kujua hazifiki Machi. Neno moja tu lilitakiwa, haya, na sikulisema.

Machi ilipofika hakuweza kuzunguka nyumba bila kushika ukuta. Daktari alikataa katakata safari ya kwenda nyanda za juu za Ufipa, kwenye baridi. Baba aliyapokea maneno hayo kama alivyopokea mengi, akaniuliza tu kule kuna baridi kiasi gani. Mwezi wa nane akaniita.

"Nenda wewe ukanitazamie."

"Saa hizi, baba? Kiangazi?"

"Maji nimekwisha sikia habari zake. Nataka unitazamie mwamba." Akanitajia mambo ya kuuliza mwamba, nami nikayaandika nyuma ya karatasi ya mtihani. Una rangi gani. Umelala au umesimama. Una nyufa, na nyufa zinakwenda upande gani. Una jiwe jeupe linalopita ndani yake. Ukingo umevunjika laini au umevunjika kwa meno.

Nilikwenda katika likizo fupi ya Septemba. Tabora, Mpanda, Sumbawanga, halafu Matai, halafu pikipiki mpaka kijijini karibu na mto. Nchi ya kwetu ni tambarare inayokuonyesha mvua ya wilaya nyingine. Kule nchi inapanda na kupanda, nyasi zimekauka, na asubuhi unavaa koti. Kila kilima kilipotokea nilimkumbuka baba, nikajisikia vibaya kwamba macho yanayokiona ni yangu.

Mwanamke mmoja wa makamo, mwenyeji wa pale, alikuwa akiongoza wageni. Tulisalimiana, tukaanza kutembea msituni kuelekea kwenye ngazi zinazoteremka hadi mahali pa kutazamia. Nikasikia mvumo.

"Upepo wenu ni mkali," nikamwambia.

Akanitazama. "Upepo gani, dada?"

"Huu unaovuma."

Majani ya miti yalikuwa yametulia tuli. Nililiona hilo, na bado sikuelewa. Mwezi wa tisa, kwetu, kitu kinachovuma namna ile ni upepo tu, hakuna kingine kilichobaki.

"Hayo ni maji," akasema.

"Maji? Mto haujakauka?"

Alicheka mpaka akasimama. "Ukauke uende wapi, dada?"

Sikumbuki vizuri ngazi. Najua ni nyingi, najua nilianza kuzihesabu kwa ajili ya baba na nikapotea, kwa sababu nilikuwa nikikimbia. Halafu miti ikafunguka.

Nitajaribu kuyasema kama nilivyoyaona. Juu, mto unakuja mdogo, hauna makuu, unapita kati ya mawe kwa upana ambao ng'ombe wetu wangeuvuka bila kuswagwa. Unafika ukingoni bila haraka yoyote. Kisha chini yake hakuna kitu. Maji yanaondoka yakiwa mkanda mmoja mweupe, yanashuka, yanaendelea kushuka, jicho linachoka na kudhani yamefika, na hayajafika. Yakiwa njiani mkanda unaanza kulegea, unakuwa nyuzi, nyuzi zinakuwa unga, na upepo unauchukua unga huo na kuupaka kwenye ukuta. Mvumo wake hautoki mahali pamoja. Unatoka kwenye ukuta mzima, na nilipoegemea chuma cha kujizuia niliusikia mikononi.

Mwenyeji wangu aliniambia kwamba haya ni maji machache, ya kiangazi. Niende Machi, akasema, nikaone mto umeujaza ukingo wote na huwezi kusimama pale bila kulowa. "Lakini kupendeza, yanapendeza sasa," akasema. "Machi ni moshi mtupu, huuoni hata mwamba."

Huo ndio ulikuwa msumari wa moto kwenye kidonda. Wakati tuliokuwa tunaukimbia kila mwaka ndio uliokuwa wakati wenyewe.

Nilikaa kwenye ngazi nikalia. Kwanza nililia kwa ajili ya uzuri ule, sitaki kudanganya, kisha nikalia kwa hasira. Juni zote kumi. Maji yalikuwa yakianguka. Wakati nasahihisha madaftari yalikuwa yakianguka, wakati baba anaacha kwenda sokoni yalikuwa yakianguka, na siku ile alipoomba aonyeshwe mwamba tu, nami nikacheka, yalikuwa yakianguka vile vile kama ninavyoyaona. Nilimtamani baba pale kwa namna ambayo sijawahi kumtamani mtu. Nilimtaka yule wa zamani, wa kope nyeupe, asimame karibu yangu apige mapaja yake.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba sababu ya mto ule kutokauka naifundisha. Ipo kwenye mada ya mito. Nchi ya juu ya Ufipa inapata mvua nyingi, na huko mto unakotoka kuna mabonde ya majimaji yenye nyasi nene. Ardhi inayanywa maji masika na kuyaachia polepole kiangazi kizima. Mto wetu hauna pa kuwekea akiba. Hapa mvua inanyesha kwenye udongo mgumu, inakimbia, inakwisha. Nimewasahihishia watoto wa watu swali hilo na kuwapa alama, na mwenyewe sikulihusisha hata mara moja na safari ya baba yangu.

Nilipofuta machozi nilitoa karatasi nikafanya kazi iliyonileta. Mwamba ni mwekundu unaoelekea zambarau, mweusi pale unapolowa. Umelala. Matabaka yake yamepangana kama chapati, tofauti kabisa na mwamba wetu wa Geita uliokunjwa na kusimamishwa wima, wenye jiwe jeupe linalopenya katikati. Ni mchanga wa kale sana uliobanwa mpaka ukawa mgumu kupita saruji. Nyufa zinashuka wima, na kwenye ufa ndipo vipande vinapobanduka, kwa hiyo ukingo una meno. Kwenye vishubaka vya ukuta korongo wakubwa walikuwa wamejenga viota, na makinda yao yalisimama juu ya utupu ule bila wasiwasi.

Nikaandika na yale ambayo baba hakuyauliza. Kwamba hapo zamani nchi ilipasuka na kuzama, na katika ufa huo likakaa Ziwa Tanganyika, na mto ukajikuta umening'inia juu. Kwamba tangu hapo maji yanakula ukingo wao wenyewe kidogo kidogo na kurudi nyuma. Ukisimama pale unaona bonde refu lenye kuta likielekea ziwani, na kila mahali katika bonde hilo pana siku ambayo maporomoko yalikuwa pale. Halafu nikachukua simu nikapiga picha ya video.

Siku tatu za kurudi nilikuwa na jambo moja tu kichwani: nitamwambiaje.

Nilimkuta amekaa kivulini mwa ukuta, amenyolewa, amevaa shati la kwenda kanisani. Nilipiga goti nikamwamkia. "Marahaba, mayu," akasema, na kabla sijavua begi, "Ulikuta nini?"

"Mwamba, baba."

"Na maji?"

Sikuwa nimepanga kudanganya. Mdomo ulitangulia.

"Hayakuwepo."

Akashusha pumzi ndefu, ya mtu aliyeridhika. "Basi tulifanya vizuri kungoja," akasema.

Nilimpa kijiwe nilichookota njiani karibu na kijiji. Alikilamba, kama wachimbaji wanavyofanya ili rangi ya jiwe itokee, akakigeuza juani, akakilamba tena. "Huu ni mchanga," akasema. "Mchanga uliokaa mpaka ukasahau." Nikamsomea majibu yote ya karatasi, nikiruka pale nilipoandika kulowa. Alinikatiza mara kwa mara kwa maswali, macho yakimng'aa, na mimi nilimjibu kuhusu mwamba uliolowa kana kwamba nilikuwa nimeuona mkavu. Kwa siku moja nilifikiri uongo wangu ni mzuri. Alilala usingizi mwororo, akala ugali na samaki bila kubembelezwa.

Siku ya pili asubuhi nilisikia miguu ikiburuta nje. Nilichungulia. Baba alikuwa akizunguka nyumba, mkono mmoja ukutani, mwingine na fimbo. Alifika pembeni akasimama, mabega yakipanda na kushuka, akaendelea. Nilitoka nikamuuliza anafanya nini.

"Nafanya mazoezi," akasema kwa vipande. "Mvua zikija... Machi... utaomba ruhusa. Maji... nitayaona mwenyewe."

"Daktari amekataa, baba."

"Daktari... hajui Kalambo."

Siku ya tatu alizunguka mara mbili na akaangukia magoti karibu na pipa la maji. Nilimwinua. Alikuwa mwepesi mno, na alikuwa akitabasamu, ananiambia kesho atafika mara tatu. Ndipo nikaona nilichofanya. Nilikuwa nimempa tena kitu cha kungojea.

Nilimketisha, nikamnywesha maji, nikasubiri pumzi zitulie. Kisha nikafungua simu nikaiweka mikononi mwake.

Alitazama mpaka mwisho. Sauti ya mvumo ilikuwa ndogo na ya bati ndani ya simu ile, lakini aliisogeza sikioni. Akatazama tena. Mara ya tatu alinyoosha kidole akafuata mkanda wa maji kutoka juu mpaka chini, polepole, kidole kikigusa kioo, na video ikasimama. Nikamwanzishia upya.

"Hii ni mwezi gani?" akauliza.

"Mwezi huu, baba. Niliipiga siku ile."

"Kumbe."

"Hayakauki. Hayajawahi kukauka. Mimi ndiye nilisema yanakauka. Miaka yote, baba. Nisamehe."

Nilitaka anigombeze, na baba si mtu wa kugombeza, ila siku ile nilitamani angekuwa. Alinirudishia simu, akaegemeza kichwa ukutani, akafumba macho. Hakulala. Alikaa hivyo mpaka kivuli kikamhama na jua likamfikia miguuni, nami nikamsogezea kiti. Jioni alikula kidogo. Kesho yake hakuzunguka nyumba, na mimi sikujua kama hiyo ni afadhali au ni msiba.

Jumapili, baada ya ibada, jirani yetu alikuja kumjulia hali. Ni mzee mwenzake, waliwahi kuchimba duara moja siku za Runzewe, na akikaa na baba wanataniana kama vijana. Nilikuwa nikiwaandalia chai. Baba akaniita nimwonyeshe mgeni video.

Mzee alitazama akipiga ulimi. "Haya ndiyo yale ya yule Mfipa?"

"Ndiyo hayo. Binti yangu amefika mpaka pale. Na unajua hayakauki? Hii ni ya mwezi huu wa tisa."

"Mwezi wa tisa! Sasa wewe kwa nini hukwenda, siku zote hizo ulipokuwa mzima?"

Nilisimama na birika mkononi. Baba hakunitazama.

"Kosa langu mimi," akasema. "Huyu alikuwa ananiambia kila Juni, baba twende, baba twende. Mimi mbishi nikamwambia, mwanangu, Juni mto utakuwa umekauka, tungoje mvua."

"Wewe nawe na mvua zako!" Mzee alicheka, akampiga baba begani. "Una mtoto msomi ndani ya nyumba, halafu unashindwa kumsikiliza."

"Sikumsikiliza," baba akasema, akicheka naye, na kicheko kikamgeukia kikohozi.

Niliweka birika chini nikamshika mgongo. Nilitaka kumwambia mzee yule ukweli, maneno yalikuwa tayari mdomoni. Baba alinikamata mkono akaubana, kwa nguvu ambayo sikujua bado anayo, nikanyamaza. Kikohozi kilipopita, mgeni alikuwa bado anamcheka kwa ubishi wake, naye alikuwa akikubali kila neno.